Usajili uanze kwa mama, tusimngojee kijana afikishe miaka 18

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo tangu nilipostaafu ualimu limechukua siku zangu nyingi kuliko nilivyowahi kudhani, nalo ni kuzisaidia familia maskini za mitaa yetu ya Kisauni kupata vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho. Serikali imefanya mengi katika suala hili na si haki kuyapuuza. Hata hivyo, naamini kwamba msaada unaotolewa, uwe wa serikali au wa sisi watu binafsi, unaanzia mahali pasipofaa. Tunamngojea kijana afikishe miaka 18 ndipo tumuulize karatasi zake ziko wapi, ilhali karatasi hizo zilikosekana kabla hata hajazaliwa: zilikosekana kwa mamake, na mara nyingi kwa nyanyake pia.

Nitoe mfano ninaoujua nje ndani. Mwaka jana alinijia mama mmoja anayefua nguo katika nyumba za watu huko Nyali, akiwa na bintiye wa kwanza aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Alikuwa amebeba mfuko mtupu wa unga wa kilo mbili, uliokunjwa mara tatu, na ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya binti iliyoliwa na mchwa pembeni, barua ya mzee wa mtaa, cheti cha shule ya msingi, na picha mbili za pasipoti zilizogandana kwa unyevu. Binti alikuwa amepata nafasi ya chuo, na mkopo wa elimu ya juu hauombwi bila kitambulisho. Alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Alipokwenda kuomba cheti cha kuzaliwa aliambiwa alete kitambulisho cha mzazi. Babake aliondoka zamani na hajulikani aliko. Mamake hakuwahi kuwa na kitambulisho maishani mwake.

"Mwalimu," mama aliniambia, "sikujua kama mimi ndiye nitakayemzibia mwanangu njia."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwa sababu mama yule hakuwa na kosa lolote. Alizaliwa kijijini huko Ganze, kaunti ya Kilifi, akaletwa Mombasa na shangazi yake akiwa na miaka tisa, baada ya wazazi wake wote wawili kufariki. Alisoma hadi darasa la tatu. Kwa miaka mingi ujira wake wa kufua umekuwa ukitumwa kwa simu ya jirani, kwa kuwa laini ya simu haisajiliwi bila kitambulisho, na jirani hukata chake kabla ya kumkabidhi zilizobaki. Hajapiga kura hata mara moja. Polisi walipofanya msako mtaani alikuwa akijifungia ndani kama mgeni asiye na ruhusa, ilhali babu zake wamezikwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapa. Na tangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, hata kusajiliwa kwa ajili ya matibabu kunahitaji nambari ya kitambulisho.

Tulikwenda katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumchongea mtu kazini. Mara ya kwanza tuliambiwa kwamba barua ya mzee wa mtaa haitoshi, iletwe ya naibu wa chifu. Naibu wa chifu wa hapa alisema, naye alisema kweli, kuwa hawezi kuthibitisha mahali alipozaliwa mtu ambaye hakuzaliwa katika eneo lake, hivyo twende Ganze. Tuliporudi na barua ya Ganze, karani aliuliza kitambulisho cha baba wa mama huyo au cheti cha kifo cha baba huyo. Safari iliyofuata mtambo haukuwa ukifanya kazi. Iliyofuata tena, afisa anayetia sahihi alikuwa mkutanoni. Kila safari ilimgharimu mama nauli na siku nzima ya kibarua, na mara mbili alipoteza nyumba aliyokuwa akifulia kwa sababu mwenye nyumba hakumngoja. Nilihesabu safari 9 tangu siku ya kwanza hadi siku aliyochukuliwa alama za vidole. Ada yenyewe ilikuwa ndogo ukiilinganisha na gharama hizo.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la cheti cha kifo, kwa sababu linawakwamisha watu wengi wa Pwani na ni wachache wanaolizungumzia. Sisi Waislamu maiti huzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana, na hata katika familia zisizo za Kiislamu, mzee asiye na mali hawekwi sana. Familia hupata kibali cha mazishi hospitalini au kwa naibu wa chifu, kaburi huchimbwa, matanga huondolewa, na hakuna anayerudi kuitafuta hati ya kifo kwa kuwa marehemu hakuacha shamba lenye hatimiliki wala akaunti ya benki. Kwao cheti cha kifo ni kitu cha watu wenye urithi wa kugawana. Miaka ishirini baadaye mtoto wa marehemu, au mjukuu wake, anasimama mbele ya dirisha la ofisi akiombwa kuthibitisha kwamba aliyekufa alikufa. Kile kibali cha mazishi kilishapotea, naibu wa chifu aliyekitoa alistaafu, na mashahidi wa mazishi wako chini ya ardhi wao wenyewe. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa na kurudi nyumbani.

Jambo jingine ni majina. Mswahili huitwa kwa jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake, na majina hayo matatu ndiyo ukoo wake. Karani aliyezoea mpangilio mwingine huandika la mwisho kama jina la familia, na karani mwingine huacha la katikati. Mwanaisha huwa Mwana Isha katika kadi ya kliniki, huwa Aisha shuleni, na huwa Mwanaisha tena katika buku la kadhi. Kwa mwenye uwezo, tofauti hizi humalizwa na wakili kwa hati ya kiapo katika muda wa siku moja. Kwa mama anayefua nguo, herufi moja iliyozidi inaweza kugharimu mwaka mzima. Nimeona mtu akirudishwa kwa sababu Fatma mmoja alikuwa na herufi "u" na mwingine hakuwa nayo.

Siku ya kuchukuliwa alama za vidole nilikuwa nimeketi karibu naye. Afisa, kijana mwenye subira ambaye ningependa aongezewe cheo, alimfuta mama kidole gumba kwa kitambaa, akakibonyeza, akatazama, akatikisa kichwa, akarudia. Mistari ya ngozi ilikuwa imesuguliwa na sabuni ya mche na jiki kwa miaka yote hiyo, hadi vidole vitatu vya mkono wa kulia vikawa laini kama upande wa ndani wa gamba la chaza. "Mama, usifue kwa siku tatu," alimwambia, "na kila usiku upake mafuta ya nazi, halafu urudi hapa kwangu, usipange foleni." Siku tatu bila kufua ni siku tatu bila chakula katika nyumba ile. Majirani walichanga, mama akarudi, na safari hiyo vidole vikakubali.

Wapo watakaosema kwamba matatizo haya yamekwisha kurekebishwa, nami nakubali kwamba hatua kubwa zimepigwa. Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kufuta utaratibu wa kuwapiga msasa waombaji wa vitambulisho wa jamii fulani, utaratibu ambao kwa miongo mingi uliwaweka Wasomali, Wanubi, na hapa kwetu familia nyingi zenye asili ya Uarabuni, mbele ya kamati zilizouliza hatimiliki ya babu na kitambulisho cha baba wa babu. Ilikuwa dhuluma na imefutwa, namshukuru Mungu. Suala la ada nalo limepigiwa kelele vya kutosha: mwezi Machi 2024 ada ya kitambulisho cha kwanza iliwekwa kuwa shilingi 300 na ya kupata kingine badala ya kilichopotea shilingi 1,000, baada ya wananchi kupinga viwango vya juu zaidi vilivyotangazwa Novemba 2023. Lakini mama wa Ganze hakuzuiwa na kamati, wala hakushindwa na shilingi 300. Alizuiwa na mlolongo wa karatasi unaorudi nyuma vizazi vitatu, na mlolongo huo haufutwi kwa tangazo.

Tukumbuke pia kwamba hadi mwaka 1978 sheria ya usajili wa watu ya nchi hii iliwahusu wanaume pekee. Kipande, kama walivyokiita wazee wetu tangu enzi za mkoloni, kilikuwa cha mwanamume. Nyanya zetu waliolewa, wakazaa na wakazeeka bila serikali kuwaandika popote, na wengi, hasa waliokuwa mbali na miji, hawakuona haja ya kwenda kujiandikisha hata baada ya sheria kubadilika. Tunapomuuliza mwanamke wa leo kitambulisho cha mamake, mara nyingi tunamuuliza kitu ambacho dola yenyewe ilichelewa kumpa.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningeomba wakuu wa kaunti na wa serikali ya kitaifa waifanye. Malipo ya kujifungua katika hospitali za umma yaliondolewa Juni 2013. Kabla ya hapo wanawake wengi maskini wa Mombasa walijifungulia nyumbani kwa wakunga, kama alivyofanya mama huyu mwaka 2007, na mtoto aliyezaliwa nyumbani alitakiwa kuripotiwa kwa naibu wa chifu ndipo apate ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Wengi hawakulijua hilo. Ikipita miezi 6, usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa, na ushahidi zaidi huhitajika. Sasa vijana wote waliozaliwa kabla ya Juni 2013 watakuwa wakifikisha miaka 18 mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2031. Hao si watu wa kushtukizwa nao. Wako madarasani sasa hivi, tunawajua kwa majina, na walimu wao wanajua ni nani hana cheti kwa sababu kila unapokaribia usajili wa mtihani wa kitaifa hutumwa nyumbani wakilete.

Ndiyo maana nasema usajili uanze kwa mama. Shule inapogundua kwamba mtoto hana cheti, swali la kwanza liwe kama mama, au nyanya anayemlea, ana kitambulisho. Kama hana, aandikishwe yeye kwanza, na watoto wake wote waandikishwe nyuma yake katika jalada moja, kwa barua moja, kwa mashahidi wale wale. Ilivyo sasa, mama mwenye watoto watano hupeleka ushahidi ule ule mara tano kwa miaka tofauti, na kila mara hukutana na karani mpya anayeanza upya. Katiba, kifungu cha 14, inasema kwamba raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mama au baba yake ni raia wa Kenya. Yatosha mmoja wao. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, bila kuuliza kama wazazi walifunga ndoa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba kile kipengele cha sheria ya usajili wa vizazi kilichozuia jina la baba kuandikwa pale ambapo wazazi hawakuoana, isipokuwa kwa ombi la pamoja. Pamoja na hayo yote, hadi leo nakutana na akina mama ambao hawathubutu kwenda ofisini kwa kuwa baba wa mtoto hayupo, na wameamini kwamba bila yeye mtoto hana pa kuandikwa.

Haya si mambo yasiyowezekana, kwani Pwani imekwisha kuyaona yakifanyika. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miaka mingi bila uraia hadi walipoandamana kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi mnamo Oktoba 2016. Maafisa wa usajili walikwenda kwao, wakawaandikisha walipo, na kufikia mwanzoni mwa 2017 walikuwa wakipokea vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wavuvi tunaowafahamu kutoka Kwale hadi Lamu, nao walipata kutambuliwa mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya kuvua kwa hofu, kwa kuwa leseni ya uvuvi nayo ilidai kitambulisho. Ikiwa maafisa waliweza kuwafuata watu ambao uraia wenyewe ulikuwa bado una mjadala, inakuwaje washindwe kumfuata katika mitaa yetu ya Mombasa, kama Mishomoroni, Bangladesh au Mtongwe, mwanamke ambaye hakuna anayeshuku kwamba ni Mkenya?

Naomba mambo machache. Maafisa wa usajili wa vizazi na vifo na wale wa vitambulisho waje pamoja mitaani, meza moja, Jumamosi moja kila mwezi, wakiwa na naibu wa chifu ambaye amekwisha kuwasiliana na mwenzake wa kaunti jirani, ili mtu asitumwe Ganze au Kinango kufuata barua ambayo ingeweza kuombwa kwa simu. Wafanye hivyo Jumamosi kwa sababu siku ya kazi ni siku ya kibarua. Pale cheti cha kifo cha zamani kinapokosekana, ushahidi wa imamu, wa mchungaji au wa wazee wawili wa ukoo walioshuhudia mazishi ukubaliwe kwa kiapo hapo hapo mezani, bila malipo ya wakili. Kaunti nayo iwalipe posho wasaidizi wa kisheria wa mitaani, wale vijana na akina mama ambao leo wanawasindikiza majirani kwa nauli zao wenyewe. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 inawatambua, na kuwatambua bila nauli hakuwafikishi ofisini.

Ombi ninalolisisitiza kuliko yote halihitaji hata senti moja ya bajeti. Kila afisa anayemrudisha mwombaji aandike sababu kwenye karatasi: kilichokosekana ni nini, kinaweza kupatikana wapi, na arudi lini. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 imefafanua namna ya kufanya hivyo. Katika zile safari 9 hatukupewa hata mstari mmoja. Kila jibu lilitolewa kwa mdomo, na kila lilipobadilika hatukuwa na chochote mkononi cha kuonyesha kwamba wiki iliyopita tuliambiwa lingine. Hapo ndipo mabroka wanapopata riziki, wale wanaosimama nje ya lango wakinong'ona kwamba kwa elfu tano au sita kila kitu kitanyooka. Nawasihi wazazi wasiwaguse. Cheti cha bandia humharibia mtoto jina tangu mwanzo, na nimemwona kijana aliyefukuzwa kazi bandarini kwa karatasi ambayo mamake aliinunua akidhani ameisaidia familia.

Na kwa waumini wenzangu na majirani wa makanisa, misikiti yetu ina vitabu vya ndoa na makanisa yana vitabu vya ubatizo. Vingi vimewekwa makabatini vikiliwa na mchwa na chumvi ya bahari. Vitolewe, vifutwe vumbi, vinakiliwe, kwa sababu kwa familia nyingi huo ndio ushahidi pekee ulioandikwa kuhusu bibi yao. Sisi tulimpata mjomba wa mama yule kupitia buku la shule ya msingi ambamo mwalimu wa miaka hiyo, Mungu amrehemu, aliandika kwa wino wa buluu jina la mtoto, la babake, la kijiji, na la aliyemleta siku ya kwanza. Mstari huo mmoja ndio uliomtambulisha.

Kitambulisho cha mama kilitoka mwezi uliopita. Siku hiyo hiyo alijisajilia laini ya simu kwa jina lake, na ujumbe wa kwanza alioutuma ulikwenda kwa bintiye, ambaye alikuwa ameketi karibu naye kwenye benchi. Binti bado hajakamilisha. Ombi lake la cheti cha kuzaliwa limepokelewa, nafasi ya chuo ya mwaka jana imempita, na wadogo zake wawili wana majalada yao nyuma ya lake. Jumatatu ijayo tutakuwa dirishani tena saa mbili asubuhi, na safari hii nimemwomba mama abebe kalamu na daftari, ili tukirudishwa tumwombe afisa atuandikie sababu.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa